Mpira wa Moto Hauchagui: Historia Fupi ya Uchawi wa Eneo

Hebu tuanze na swali ambalo kila anayecheza gemu za kichawi za mtandaoni amewahi kukutana nalo. Wewe ni mchawi. Mbele yako maadui kadhaa wanakuja mbio. Una silaha mbili tu. Ya kwanza ni pigo kali linalompata adui mmoja. Ya pili ni pigo la eneo, yaani uchawi unaotua chini kama duara na kumchoma kila aliyemo ndani. Kwa kila adui mmoja mmoja pigo hili ni dhaifu, lakini linawagusa wote kwa mpigo. Je, wanatakiwa wawe wangapi ndani ya duara ndipo lile la eneo lilipe?

Wengi hujibu haraka: "Watatu, bana." Jibu hilo lina mantiki yake, lakini lina kasoro, na kasoro yenyewe inaelezeka kwa hesabu iliyochapishwa kitabuni mwaka 1916, kabla hata ya kompyuta kuwepo. Zaidi ya hapo, ukiifuata historia ya uchawi wa eneo mpaka mwisho utajikuta mahali ambapo hukutegemea: ndani ya jarida la kitabibu la magonjwa ya kuambukiza. Twende taratibu.

Mchawi anaazima mtambo wa mawe

Mpira wa moto wa kwenye gemu haukutoka kwenye hadithi za kale. Ulitoka kwenye meza ya vita vya kuchezea. Miaka ya 1960 na 1970 huko Marekani kulikuwa na vikundi vya watu wazima waliokusanyika wikendi, wakapanga askari wadogo wa kuchezea juu ya meza kubwa, na kupigana vita vya zamani kwa kutumia rula, dadu na vitabu vya kanuni.

Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa kitabu cha kanuni kilichoitwa Chainmail, cha vita vya zama za kati. Mwishoni waliweka nyongeza kwa ajili ya wale waliotaka kuingiza majoka, majitu na wachawi mezani. Sasa, mchawi apigane vipi kwenye mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya mikuki na farasi? Walichagua njia rahisi: walimpa silaha ambazo tayari zilikuwa na kanuni zake. Mpira wa moto ulipewa eneo sawa na lile la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Radi nayo ikapewa eneo la mzinga mzito.

Jambo hili ni dogo lakini lina maana kubwa. Tangu siku ya kwanza, uchawi wa eneo ulikuwa silaha ya kupiga *mahali*, si kumpiga *mtu*. Jiwe la mtambo halijui limemwangukia nani. Swali lake ni moja tu: nani yuko hapo chini?

Moto unapojaa ukumbini

Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila gemu ya kuigiza mhusika iliyofuata ina deni kwake. Vita vikahama kutoka uwanja wazi na kuingia mapangoni na kwenye korido za chini ya ardhi. Mpira wa moto ukahama navyo, na hapo ndipo mambo yalipokolea.

Kanuni zilisema mlipuko una nusukipenyo cha futi 20, yaani kama mita 6. Nje uwanjani hakuna shida: unarusha mbali, unaangalia. Lakini kanuni zilisema pia kwamba mahali palipobana, moto unafuata umbo la mahali hapo. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kikaweka na kiasi chenyewe: takriban futi za ujazo 33,000.

Tufanye hesabu. Tufe lenye nusukipenyo cha futi 20 lina ujazo wa futi 33,500 hivi, kwa hiyo kitabu hakikudanganya. Sasa chukua korido ya pangoni yenye upana wa futi 10 na kimo cha futi 10. Kila futi moja ya urefu wake inabeba futi za ujazo 100. Gawanya 33,000 kwa 100, unapata futi 330, sawa na mita 100 za korido iliyojaa moto! Hata ukirusha katikati, moto unakwenda mita 50 upande wa adui na mita 50 upande wako. Mchawi aliyerusha bila kupiga hesabu aliungua yeye mwenyewe pamoja na wenzake wote.

Waswahili walishasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwenye mchezo huu, nyasi walikuwa marafiki zako waliosimama mbele yako na ngao zao. Wachezaji wakajifunza somo la kwanza la uchawi wa eneo: kabla ya kuuliza utamuumiza adui kiasi gani, uliza ni nani wengine watakaokuwa ndani ya eneo hilo.

Mhandisi wa magari na hesabu ya vita

Turudi kwenye swali letu la mwanzo. Ili tulijibu, tuweke namba za mfano. Pigo lako la adui mmoja linatoa uhai 300. Pigo la eneo linatoa 100 kwa kila aliyemo. Kila adui ana uhai 600. Na kila unapopiga mara moja, kila adui aliye hai anakupiga mara moja.

Ukiwa na maadui watatu, jumla inalingana: 300 kwa mmoja, au 100 mara tatu. Kwa njia yoyote, utahitaji mapigo sita kuwamaliza wote. Hapo ndipo watu wanaposema "watatu inatosha".

Lakini hebu hesabu ni mapigo mangapi *wewe* utakayopokea. Ukiwaua mmoja mmoja, wa kwanza anakufa baada ya mapigo mawili, wa pili baada ya manne, wa tatu baada ya sita. Kwa hiyo unapigwa na watatu mara mbili, na wawili mara mbili, kisha na mmoja mara mbili. Jumla 12. Ukitumia la eneo, wote watatu wanabaki hai mpaka pigo la sita, wakikupiga muda wote. Jumla 18. Maiti haipigi, ila adui aliyejeruhiwa bado anapiga kwa nguvu zake zote.

Endelea kuongeza maadui. Wakiwa watano, njia mbili zinalingana: 30 kwa 30. Wakiwa sita, la eneo linashinda: 36 dhidi ya 42. Wakiwa kumi, mchezo umekwisha: 60 dhidi ya 110. Kumbe kwa namba zetu jibu la kweli si watatu. Ni zaidi ya watano.

Angalia pia namna namba zinavyokua. Kwa pigo la mmoja mmoja, maumivu yako yanakua karibu na mraba wa idadi ya maadui: mara mbili ya maadui inakaribia mara nne ya maumivu. Kwa pigo la eneo yanakua kwa mstari tu: mara mbili ya maadui, mara mbili ya maumivu.

Mraba huu una mwenyewe. Frederick Lanchester alikuwa mhandisi Mwingereza, mmoja wa waanzilishi wa utengenezaji wa magari nchini kwake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alijiuliza wingi wa jeshi una thamani gani, na katika kitabu chake cha mwaka 1916 kuhusu ndege za kivita alieleza kwamba pale kila askari anapoweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya jeshi inakwenda na mraba wa idadi yake. Waliomfuata wakaongeza hali ya pili: askari wanaopiga eneo bila kumlenga mtu. Hapo idadi ya wanaopigwa inategemea vitu viwili vilivyozidishwa pamoja: wapigaji ni wangapi, na walengwa waliomo ndani ya eneo ni wangapi. Kadiri walengwa wanavyojazana, ndivyo kila kombora linavyopata wengi zaidi.

Shika kuzidisha huku. Tutakutana nako tena.

Seva zinafunguliwa

Michezo ya mezani ilipohamia kwenye kompyuta, kwanza kwa maandishi matupu kama MUD ya Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, kisha kwa picha kama EverQuest mwaka 1999 na World of Warcraft mwezi Novemba 2004, uchawi wa eneo ulikuta mazingira mapya. Sasa adui alikuwa programu, na programu ina kumbukumbu.

Katika gemu hizi kila dubwana lina orodha ya hasira: nani ameniumiza zaidi? Kazi ya mwenye ngao ni kuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo ili apigwe yeye. Ukimpiga dubwana mmoja, unapanda kwenye orodha moja. Ukirusha uchawi wa eneo juu ya madubwana kumi, unapanda kwenye orodha kumi kwa wakati mmoja. Mchawi mwenye haraka alirusha kabla mwenye ngao hajawashika vizuri, na sekunde mbili baadaye madubwana yote yaligeuka na kumfuata yeye. Mchawi havai chuma. Alikufa.

Tatizo la pili lilikuwa usingizi. EverQuest ilikuwa na wahusika kazi yao kuwapumbaza maadui wa ziada ili kundi lipambane na mmoja mmoja. World of Warcraft nayo ilimruhusu mchawi kumgeuza adui kuwa kondoo kwa muda. Lakini usingizi na ukondoo huvunjika mhusika akiumizwa kidogo tu. Uchawi wa eneo ukitua jirani na kondoo, kondoo anageuka jitu tena, safari hii akiwa na hasira.

Kwa hiyo wachezaji hodari waliuchukulia uchawi wa eneo kama kazi yenye hatua. Mchawi wa barafu katika World of Warcraft alikimbia porini akiwakusanya wanyama wengi nyuma yake. Walipojaa karibu alitumia Frost Nova, inayogandisha miguu yao pale pale. Akarudi nyuma hatua kadhaa, kisha akawashushia Blizzard, mvua ya vipande vya barafu. Aliyejifunza vizuri aliifanya mvua hiyo iwapunguzie na mwendo, hivyo hata barafu ya miguuni ilipoyeyuka wanyama walimfuata kwa kujikokota. Ukiangalia vizuri, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukusanya, kugandisha na kujitenga. Kurusha kwenyewe kulikuja mwisho, na ndiyo iliyokuwa rahisi.

Mwezi Mei 2005 ilisambaa video moja maarufu: kundi linapanga kwa utulivu namna ya kuingia kwenye ukumbi uliojaa mayai ya majoka, na wachawi wao watatumia wakati gani uchawi wa eneo. Mwenzao aitwaye Leeroy Jenkins, ambaye hakusikiliza mpango, anapiga kelele jina lake na kuingia mbio peke yake. Wanamfuata, wanatawanyika, wanakufa wote. Baadaye walioitengeneza walisema ilikuwa maigizo. Hata hivyo, watu walicheka kwa sababu kila mchezaji alimjua Leeroy wake. Uchawi wa eneo unamtaka kila mtu asimame mahali pake, na mmoja tu anatosha kuharibu.

Mkuki kwa nguruwe

Mpaka hapa tumezungumza kama sisi ndio warushaji. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tarehe 13 Septemba 2005 kampuni ya Blizzard Entertainment ilifungua ndani ya World of Warcraft hekalu jipya liitwalo Zul'Gurub, kwa makundi ya wachezaji 20. Mwisho wake kulikuwa na mungu nyoka, Hakkar. Moja ya silaha zake iliitwa Corrupted Blood, damu iliyooza. Ilimshika mchezaji na kumnyonya uhai pointi 250 hadi 300 kila baada ya sekunde chache, wakati mchezaji wa kati alikuwa na 4,000 au 5,000 hivi. Na kama kuna mtu alisimama karibu naye, naye alishikwa.

Unaona tofauti? Mpira wa moto una kitovu kimoja. Damu hii ilimgeuza kila aliyepigwa kuwa kitovu kipya, duara linazaa maduara. Kwa wabunifu lilikuwa fumbo zuri: wachezaji watawanyike, wasijazane. Na halikutakiwa kutoka nje ya hekalu.

Lilitoka. Wawindaji na baadhi ya wachawi walikuwa na wanyama wa kufuga wanaoweza kuondolewa na kuitwa tena. Mnyama aliyeondolewa akiwa ameambukizwa alibaki na ugonjwa wake kama ulivyo, muda wake umesimama. Mwenyewe akajirudisha mjini kwa uchawi wa safari, katikati ya soko, akamwita mnyama wake. Wachezaji wapya, wenye uhai wa mia chache, walianguka papo hapo. Walinzi na wauzaji wa mjini, ambao ni wahusika wa kompyuta, waliambukizwa bila kufa, wakaendelea kumwambukiza kila aliyekuja kununua kitu. Mitaa ya miji mikubwa kama Ironforge na Orgrimmar ikajaa mifupa.

Kampuni ilijaribu kuweka karantini. Wachezaji wengine walitii, wengine wakakimbilia porini. Waganga walijitolea kuponya watu, na bila kujua waliwaweka hai wagonjwa muda mrefu zaidi wa kuambukiza. Wapo waliosogea kwa udadisi tu, waone kuna nini. Wapo waliosambaza kwa makusudi. Mwishowe kilichofanya kazi ni kitu ambacho dunia yetu haina: kuzima na kuwasha upya seva, na kubadilisha programu ili wanyama wa kufuga wasishikwe tena.

Kuzidisha kule kule

Sasa turudi kwenye ile hesabu. Mwaka 1927 William Kermack na Anderson McKendrick walichapisha huko Uingereza nadharia ya hisabati ya milipuko ya magonjwa ambayo bado ni msingi wa fani hiyo. Ndani yake, kasi ya maambukizi mapya inategemea vitu viwili vilivyozidishwa pamoja: wagonjwa ni wangapi, na wasioambukizwa bado ni wangapi. Linganisha na kupiga eneo: wapigaji mara waliomo ndani ya eneo. Umbo la hesabu ni lile lile. Tofauti ni moja tu: kwenye ugonjwa, anayepigwa anageuka kuwa mpigaji.

Ndiyo maana mahali palikuwa na maana kuliko makali ya damu yenyewe. Mchezaji aliyeambukizwa porini alikufa kabla hajakutana na mtu. Duara lake lilikuwa tupu, na ugonjwa ukafa naye. Mchezaji yule yule, mwenye damu ile ile, akiwa sokoni aliwashika kumi. Wanaepidemiolojia huangalia wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja anawaambukiza. Ukiwa chini ya 1 ugonjwa unafifia, ukizidi 1 unasambaa. Hakkar hakuwa na wastani mmoja. Wastani ulitegemea msongamano.

Wanasayansi waliliona hilo. Mwaka 2007 Ran Balicer aliandika kwenye jarida la Epidemiology, na mwaka huo huo Eric Lofgren na Nina Fefferman wakaandika kwenye The Lancet Infectious Diseases. Hoja yao ilikuwa kwamba modeli za kompyuta zinajua kuzidisha, lakini hazijui tabia. Modeli ya kawaida haikuwa na nafasi ya mtu anayesogea karibu na ugonjwa kwa udadisi tu. Kwenye gemu, watu halisi walifanya maamuzi halisi, na mengine hakuna aliyekuwa ameyawazia.

Kuna pingamizi la haki hapa: kwenye gemu ukifa unafufuka, kwa hiyo woga wako si woga wa kweli. Ni kweli, na hakuna anayepaswa kuchukua takwimu za Ironforge kuwa ni za mji wowote wa kweli. Lakini aliyepitia mwaka 2020, na ndoo za kunawia mikono kila mlangoni, anajua kwamba wote tuliowataja tuliwaona: mtiifu, mkimbizi, mganga anayejitolea, mdadisi, na yule anayesema haimhusu.

Basi, urushe lini?

Historia hii ya miaka hamsini na ushee inatupa maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kubonyeza kitufe. Wako wangapi ndani ya duara *sasa hivi*, si sekunde tatu zijazo? Ikiwa ni wachache, maliza mmoja mmoja, maana maiti haipigi. Nani mwingine yumo: kondoo aliyelala, mwenzako, wewe mwenyewe? Na baada ya kurusha, nani atageuka kukufuata, na umeshapanga utasimama wapi?

Na ikitokea wewe ndiye unayepigwa, maswali ni yale yale yaliyogeuzwa. Huwezi kupunguza makali ya uchawi wa adui, na mara nyingi huwezi kupunguza ukubwa wa duara lake. Unachoweza kubadilisha ni idadi ya watu waliosimama ndani yake. Wachezaji 20 ndani ya Zul'Gurub walilijua hilo na walitawanyika. Waliokuwa sokoni hawakuwa na habari kwamba pambano lilishaanza.